Wamelala pamoja ukurasa wa 9. Hadithi imebaki na nini?

"Ninaandika skripti ya komedi ya mapenzi kuhusu wanaume wawili, Elia na Yona. Ina kurasa 104. Wanakutana kupitia programu ya simu, na kufikia ukurasa wa 9 wameshalala pamoja. Elia ni mtu wa usiku mmoja. Huondoka kabla hakujakucha. Nimewapa watu watatu waisome. Wa kwanza anasema baada ya ukurasa wa 9 hakuna tena cha kusubiri, nikipeleke kitanda mwishoni. Wa pili anasema lazima Elia aonekane akijutia maisha yake ya nyuma, la sivyo hastahili kupendwa. Wa tatu anasema nikimalizia kwa ndoa nitakuwa nimewavika wanaume hawa nguo isiyo yao. Nimfuate nani? Na nitajuaje kama mapenzi yao yanaaminika?"

Kitanda kibaki hapo kilipo. Hofu yako, ninavyoisoma, ni kwamba ukishawapa Elia na Yona kile ambacho watazamaji wamezoea kukisubiri, mkononi mwako hakibaki kitu cha kuwanyima. Ni kweli kwamba komedi ya mapenzi huenda kwa kunyima: watu wawili wanatakiana kitu, na hadithi inatafuta kila namna ya kukichelewesha. Msomaji wako wa kwanza ameliona hilo sawasawa. Alipokosea ni kudhani kwamba kinachocheleweshwa lazima kiwe ngono.

Dhana hiyo ina asili yake, na inafaa uijue usije ukaichukua kama sheria ya maumbile. Komedi za mapenzi za Hollywood zilipata umbo lake katika miaka ya 1930, wakati studio za Marekani zilipojiwekea kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali katikati ya 1934. It Happened One Night, iliyotoka mapema mwaka huo wa 1934, inawaweka mwanamume na mwanamke wasiooana katika chumba kimoja, kisha inatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda viwili. Wenyewe wanaliita kuta za Yeriko, na kuta hizo haziangushwi mpaka mwisho kabisa, baada ya ndoa. Filamu nyingi zilizofuata ziliishi kwa blanketi hilo hata pale ambapo halionekani: ngono ni chumba cha mwisho na ndoa ndiyo tarumbeta. Kanuni zilezile zilikataza hata kudokeza mapenzi ya watu wa jinsia moja, na zilidumu hadi 1968. Kwa hiyo unapochukua umbo hilo kwa ajili ya Elia na Yona, unachukua nyumba ambayo fundi wake aliagizwa asiwawekee mlango.

Sasa tazama bei ya vitu kwa upande wao. Pale ambapo ndoa haikuwepo, na kuonekana pamoja mchana kulikuwa hatari, mwili mara nyingi ulikuwa mwepesi kutoa kuliko jina. Mtu aliweza kulala na mwenzake bila kumwambia anaitwa nani, anafanya kazi gani wala anaishi wapi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vilivyoweza kumharibia maisha. Ngazi ya ukaribu ikapangwa kinyume: kitanda kikawa kidato cha chini, na juu yake vikaja jina kamili, anwani, marafiki, ndugu, mchana. Si kila mwanamume anayependa wanaume anaishi hivyo. Wapo wasioweza kumgusa mtu kabla ya miezi ya mazungumzo, na wapo wasiohitaji ngono kabisa. Lakini mpangilio huo ndio ulioanza nao, na ni hazina. Baada ya ukurasa wa 9 Yona anaujua mwili wa Elia. Hajui jina lake la ukoo. Hajui kwa nini simu ya Elia huita kila Jumapili saa mbili usiku na haipokewi. Hajawahi kumwona akisinzia. Una kurasa 95 za kumpa mambo hayo moja baada ya jingine, na kila moja limgharimu Elia zaidi ya lililotangulia.

Filamu mbili zitakusaidia kuona ninachosema. Katika Trick (1999) wanaume wawili wanakutana New York wakitaka usiku mmoja tu, na tatizo lao lote ni mahali: kila wanapokwenda kuna mtu. Kinachowachelewesha si haya wala maadili. Ni vyumba vya watu wengine, na katika kuzunguka huko wanajuana bila kukusudia. Weekend (2011) si komedi, ila itazame. Inakwenda upande wa pili. Kitanda kiko mwanzoni, na filamu yenyewe ni mazungumzo ya siku zinazofuata, huku mmoja akijua kwamba anahamia nchi nyingine. Moja inachelewesha kitanda, nyingine inakiwahisha, na zote mbili zinashika kwa sababu ileile: kujuana kunazidi kupanda bei kadiri muda unavyokwenda.

Basi kaa na karatasi uigawe safu tatu. Katika ya kwanza andika namba ya ukurasa wa kila onyesho walimo wote wawili. Katika ya pili, andika Yona amejua nini kuhusu Elia ambacho onyesho lililopita hakukijua. Katika ya tatu, Elia amejua nini kuhusu Yona. Usiandike hisia ("wanakaribiana"). Andika jambo ("amejua kwamba alifukuzwa nyumbani akiwa na miaka 19"). Kwa urefu wa skripti yako huenda ukapata maonyesho 25 au 30. Ukikuta matatu mfululizo ambayo safu zake ni tupu, hapo ndipo msomaji wako alipochoka, hata kama lawama aliupelekea ukurasa wa 9. Tafuta kwanza kati ya ukurasa wa 30 na 55. Hapo ndipo waandishi hupenda kuweka mfululizo wa picha za furaha zenye muziki: kutembea, kucheka, kurushiana maji. Mfululizo huo unapendeza lakini hautoi siri hata moja. Ufupishe uwe nusu ukurasa, au utoke.

Halafu panga mambo hayo kwa ugumu wake kwa Elia mwenyewe. Mwandishi hukosea hapa kwa kufuata ugumu wa jumla, akidhani kumpeleka mpenzi kwa wazazi lazima kuzidi kumwachia mswaki bafuni. Kwa mtu anayeondoka kabla hakujakucha, mswaki unaweza kuwa mlima. Kulala usingizi mbele ya mtu kunaweza kuwa mlima mkubwa zaidi. Ukijua kilele chake ni kipi, kiweke baada ya ukurasa wa 85, na usikiguse kabla.

Maonyesho ya kitandani yasizidi matatu au manne, na kila moja libadilishe kitu. Litoe lote, kisha soma onyesho linalofuata. Likisomeka vilevile, ulikuwa umeweka pambo. La ukurasa wa 9 liwe la ustadi: wote wawili wanajua wanachofanya na hakuna anayejikwaa. La pili, tuseme ukurasa wa 40, liwe la kuharibika. Hapa ndipo penye utajiri wa komedi yako, na nakuomba usipapite haraka. Watu wanaoanza kupendana hupoteza ustadi waliokuwa nao na wageni. Kwa mgeni hukuwa na cha kupoteza. Kwa huyu kila unachofanya kinaweza kumuudhi au kumfanya akufikirie vibaya. Kwa hiyo Elia, bingwa wa ukurasa wa 9, anamuuliza Yona mara nne kama yuko sawa. Yona anashikwa na misuli ya mguu. Taa inayotakiwa kuzimwa inawashwa, ya pili inazimwa, na wanaishia wamekaa kitandani wakicheka mpaka machozi. Hakuna aliyesema neno la mapenzi, na mtazamaji ameshajua. La tatu linaweza kuwa la kulala tu, wakitazama dari, bila kugusana.

Uangalie tu kicheko kinamwangukia nani. Kikitokana na mguu uliokaza misuli au soksi iliyokataa kuvuka, mtazamaji anacheka pamoja nao. Kikitokana na wazo kwamba wanaume wawili kugusana ni kituko, umewacheka wahusika wako mwenyewe, na hutaweza kuwaomba watazamaji wawalilie ukurasa wa 80.

Ushauri wa msomaji wa pili uuweke kando kabisa. Majuto yanabadilisha mapenzi kuwa zawadi ya tabia njema: Elia anatubu, Elia anapewa Yona. Zaidi ya kuwa mahubiri, hesabu yenyewe haifungi. Ukurasa wa 9 walikuwa wawili. Kama Elia anapaswa kuona aibu kwa kulala na mtu asiyemjua, na Yona je? Skripti inayomwadhibu mmoja kwa jambo walilofanya wote huonekana haraka kwamba haisemi kweli. Ndiyo, Elia lazima abadilike, la sivyo hakuna hadithi. Ila kinachobadilika kisiwe idadi ya watu aliolala nao. Jiulize anakimbia nini. Filamu ya Jeffrey (1995), iliyotokana na tamthilia ya Paul Rudnick, inalipindua jambo hili kwa namna ambayo bado inafundisha: mhusika mkuu, kwa hofu ya UKIMWI, anaapa kuacha ngono, na mara anakutana na mwanamume anayemtaka kweli. Pale kutolala na mtu ndiko kukimbia. Ngono yenyewe haisemi kama mtu anakimbia au anakaa. Tendo lilelile linaweza kuwa mlango kwa mmoja na ukuta kwa mwingine, na ni kazi yako kutuonyesha kwa Elia ni kipi.

Kwa bahati umeshampa tabia inayoonekana kwa macho: kuondoka gizani. Itumie kama fundi. Ukurasa wa 9 iwe ni umahiri unaochekesha. Viatu ameviacha karibu na mlango, vimeelekezwa nje. Anajua ubao upi wa sakafu unalia. Anafunga kitasa kwa vidole viwili. Karibu na ukurasa wa 48 anajaribu tena na anashindwa kwa sababu ya kipuuzi, paka amelalia suruali yake. Ukurasa wa 78 anafaulu, na safari hii hatucheki. Tabia ni ileile mara tatu, na maana yake imegeuka mara tatu bila mtu yeyote kueleza kitu.

Hilo linanipeleka kwenye mtengano wa kabla ya mwisho, ambao hukuuliza lakini nahisi utakusumbua. Kishawishi ni Yona amkute Elia na mwanamume mwingine. Usifanye hivyo. Mtazamaji atasoma fumanizi kama hukumu, "nilijua tu", na msomaji wako wa pili atakuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Elia avunje kwa kile kinachomlinda. Yona ameugua, au amefiwa, au amesema "nakuhitaji kesho asubuhi", na Elia anaamka saa kumi alfajiri akavaa viatu. Hakumdanganya wala hakulala na mtu. Hakuwepo tu kulipokucha, na kwa kuwa umetufundisha tangu mwanzo maana ya kucha, inauma zaidi ya fumanizi lolote.

Kuhusu afya, liandike jambo hilo kama watu wanavyoliishi, kwa mstari mmoja au miwili: kondomu inayotafutwa gizani, kipimo cha mwisho kinachotajwa bila kigugumizi, kidonge cha kila siku kando ya kitanda. Chunga tarehe. PrEP, dawa anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, iliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani Julai 2012. Hadithi ya 2008 haiwezi kuwa nayo mezani. Na mhusika mwenye VVU anayetumia dawa mpaka virusi visionekane kwenye vipimo na kubaki hivyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ukimwandika kama mtu wa kuogopwa umekosea sayansi kabla hujafika kwenye sanaa.

Msomaji wa tatu ana hoja ninayoiheshimu, ila amechanganya mambo mawili ambayo lugha yetu inayatofautisha vizuri: kutulia na kufungana. Kutulia ni kuamua kwamba mtu huyu atakukuta ukiwepo. Kufungana ni makubaliano kwamba hakuna mwingine. Wapo waliofungana wasiotulia hata siku moja, na wapo waliotulia miaka thelathini bila kufungana. Komedi ya mapenzi inadai la kwanza. La pili ni la wahusika kukubaliana. Ndoa nayo ni jambo la tatu. Uholanzi iliifungua kwa wapenzi wa jinsia moja Aprili 2001, Afrika Kusini Novemba 2006, Marekani yote Juni 2015. Katika nchi nyingi bado haipo. Waandishi wa kabla ya hapo walilazimika kubuni miisho mingine, ufunguo, namba ya simu iliyo ya kweli, kiti kilichowekwa mezani, na nadhani walitutajirisha. Ukiweka harusi, iwe kwa sababu Elia na Yona ni watu wa harusi. Ukiiacha, isiwe kwa kuogopa kuitwa mwigaji. Kuikwepa ndoa ili tu usifanane na wengine ni kuwaachia wengine washike kalamu yako.

Ukiamua uhusiano wao uwaruhusu kulala na watu wengine, onyesho la makubaliano lazima liwepo, na masharti yawe ya kuhesabika. "Tutakuwa huru" hakuna anayeweza kulivunja. "Si kitandani mwetu, si mtu mmoja mara mbili, na asubuhi unaniambia" kunavunjika vizuri sana. Kisha wasivunje lile kubwa. Elia avunje dogo: alilala na mtu, hilo liliruhusiwa, lakini asubuhi hakusema, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo habari ambayo Yona alipaswa kuipata. Bila masharti yaliyosemwa wazi, mtazamaji ataleta ya kwake, na mara nyingi yatakuwa yale ya blanketi.

Kwenye tendo kubwa la mwisho, lile la kukimbia na kutangaza mbele ya umati, bei ya mahali pa hadharani si ileile kwa kila mtu. Kwa wanaume wawili kushikana mkono mtaani peke yake kunaweza kuwa na uzito wa mbio za uwanja wa ndege. Inategemea hadithi yako inatokea wapi na lini. Kwa hiyo punguza ukubwa, ongeza gharama. Na shika hili kama mwiko: mhusika asithibitishe mapenzi kwa kufichua siri ya mwenzake. Kumtangaza mtu ambaye hajajitangaza kwamba anapenda wanaume, hata kwa maua na muziki, ni kumnyang'anya kitu. Akijitangaza yeye mwenyewe ni sawa. Akimtangaza mwingine, watazamaji wengi waliowahi kuishi na siri hiyo hawatamsamehe.

Umeuliza utajuaje kama mapenzi yao yanaaminika. Rudi kwenye karatasi ya safu tatu. Katika kurasa 25 za mwisho, hesabu mara ngapi mmoja anatumia alichokijua kumfaa mwenzake bila kuombwa. Yona anajua kuhusu simu ya Jumapili. Jumapili moja anakaa tu kando ya Elia saa mbili kamili, haulizi, na simu inaita. Mara mbili za namna hiyo zinatosha, tatu ni nyingi. Kisha futa kila "nakupenda" usome upya. Hadithi ikianguka, ilikuwa imeegemea neno hilo. Na ujaribu kumtoa Yona umweke mwanamume mwingine mzuri, mcheshi, mwenye kazi yake. Akienea bila shida, Yona bado hajazaliwa, na shughuli yako ni hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Skripti hii inahitaji kusomwa kwa sauti na waigizaji, si na marafiki wakarimu: watu sita hadi wanane, mmoja akisoma maelezo tu, wewe ukiwa umekaa nyuma kimya na nakala yako, ukitia alama pale walipocheka na pale ulipotarajia wacheke wakanyamaza. Tenga saa mbili. Kama wewe si mwanamume anayependa wanaume, hakikisha wawili au watatu kati ya wasomaji ni wao, nao wawe wa umri tofauti, kwa kuwa aliyekuwa kijana mwaka 1990 na wa sasa hawana ngazi moja ya hatari. Ikifika kupiga picha, maonyesho ya kitandani yasimamiwe na mratibu wa maonyesho ya faragha, kazi iliyoenea tangu HBO, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilipoanza kuitumia mwaka 2018: kila mguso unakubaliwa kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, na wasiohusika wanatoka. Kama Elia ametokana na mtu halisi anayeweza kutambulika, muone mwanasheria wa masuala ya filamu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine skripti, hasa ikiwa mtu huyo hajajitangaza. Na ikiwa wewe ndiye Elia, na kuandika ukurasa wa 78 kunakunyima usingizi, mtafute mshauri nasaha wa kuonana naye ana kwa ana. Hilo ni jambo tofauti na skripti, na lisingoje skripti iishe.

Anza na ile karatasi wiki hii, kabla ya kugusa mstari wowote. Ukurasa wa 9 uuache wa mwisho kurekebishwa. Ukishajua Elia anavaaje viatu ukurasa wa 78, ndipo utajua wapi pa kuviweka ukurasa wa 9.